Kiwanja maji yako juu: choo cha kutenganisha mkojo kinafaa mjini au ni mambo ya wafadhili tu?

Mwana_Kigamboni
Wakuu habari. Nina kiwanja Kigamboni huko ndani ndani, eneo tambarare, masika maji yanasimama mpaka kwenye msingi. Nilimleta fundi achimbe shimo la choo, alifika kama kiunoni tu maji yakaanza kuchuruzika, akasema bosi hapa ukiweka choo cha shimo utakuwa unakoroga uji na kisima cha jirani yako kiko hatua chache tu pale. Sasa kuna jamaa kanishauri nijenge kile choo cha juu cha kutenganisha, mkojo unaenda kwenye dumu, kinyesi kinadondoka kwenye chumba kikavu unamwagia majivu, hakuna kuchimba kabisa na baadaye unapata mbolea. Kwa maneno nimekielewa. Ila vyote nilivyowahi kuviona kwa macho, vile vya shuleni na kile cha kwa mama mkubwa Bagamoyo, vimegeuka stoo ya majembe na kuku wanatagia humo. Kwanini? Choo chenyewe kibovu au sisi ndo wabovu? Wenye kukitumia kweli kweli mje, sio wale wa kugugo.

fundi_Mapipa
Usijitese mkuu. Nimejenga vyoo Mbagala, Tandale, Kigogo, kote huko maji yako juu. Unainua tu, unapanga tofali au mapipa, mtu anapanda ngazi tatu nne anaingia, basi. Hicho cha kutenganisha nimeshajenga vya mradi fulani, tulipewa ramani nzuri, semina na posho ya chai. Mradi ulipoisha hakuna aliyerudi hata kuuliza kama kuna mtu anaingia humo. Watu wanataka choo ambacho ukimaliza unamwaga maji unaondoka, hamuonani tena. Hiki mnaonana tena mwakani na wewe umeshika koleo.

Bi_Mchicha
Hahaha koleo ndo raha yenyewe kaka fundi. Mimi ninacho na ninakitumia, niko Morogoro nje kidogo ya mji, nina bustani ya mchicha na figili na nyuma kuna mahindi. Vyumba viwili, kimoja kikijaa nafunga nahamia cha pili, nikija kufungua cha kwanza ni udongo mkavu hauna harufu, mgeni hawezi kujua. Mkojo nauweka kwenye dumu nimefunga kifuniko vizuri, nachanganya na maji, dumu moja la mkojo kwa matatu ya maji, namwaga pembeni ya shina sio juu ya majani, halafu namwagilia. Mahindi yanakuwa ya kijani mpaka jirani akadhani naenda kwa mganga. Kwahiyo @Mwana_Kigamboni choo sio kibovu. Ila una bustani wewe? Kama huna usijenge, utajaza madumu sebuleni.

Ngosha_wa_Mjini
Sasa nimejua kwanini mchicha wa Moro mtamu 😂😂

Bi_Mchicha
Wewe wa mjini unakula mchicha unaomwagiliwa maji ya mto Msimbazi halafu unanicheka mimi. Wa kwangu najua kilichomo.

Mpemba_wa_Bara
Asalaam alaikum. Naona mnakwepa jambo. Sisi watu wa pwani tunachamba kwa maji, hatujifuti na karatasi wala gunzi la muhindi. Hiki choo ukiingiza maji kwenye chumba cha kinyesi kimeharibika, kinatoa harufu na funza wanatoka. Walituletea kwetu kisiwani, mzungu kasimama anaeleza, wazee wanamsikiliza kwa adabu, akauliza kuna swali, bi mkubwa mmoja akamuuliza "na kopo tunaliweka wapi?" Yule bwana kamtazama mkalimani. Mpaka leo choo kile kinafugiwa mbuzi. Kwahiyo sio ubovu wa watu, alokichora hajawahi kuchamba.

fundi_Mapipa
@Mpemba_wa_Bara hilo lina dawa, unaweka tundu la tatu. Mtu anajisogeza nyuma kidogo anachambia pale, maji yanaenda kwenye kishimo cha kokoto au kwenye mgomba. Tulijenga hivyo sehemu nyingine.

Mpemba_wa_Bara
Tundu la tatu. Usiku, umeme umekatika, mtoto wa miaka minne, tumbo linamuendesha. Mwambie ahesabu matundu.

Ngosha_wa_Mjini
Hapo fundi kapigwa bao.

dada_maabara
Naomba niweke sawa vitu kabla watu hawajaondoka na ya kuambiwa tu. Kuna mtu atasema mkojo ni safi kabisa hauna vijidudu. Sio kweli. Ukilinganisha na kinyesi una vijidudu vichache sana, lakini ukitoka mwilini unaweza kuchafuliwa na kinyesi kikidondokea upande wake, ndo maana mwongozo wa WHO wa 2006 unasema uhifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, mwezi mmoja mpaka miezi sita kutegemea na joto na utaupeleka kwenye zao gani. Mkojo wa nyumba yako kwa mboga zenu wenyewe masharti ni mepesi, mkojo wa watu wengi masharti yanaongezeka, na unaacha kumwaga kama mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Kinyesi ndo mtihani. Kwa hali ya joto kama ya Dar kukihifadhi kikavu tu inatakiwa zaidi ya mwaka mmoja bila kuongeza kipya juu yake. Ukitumia majivu au chokaa ya kutosha mpaka pH, kile kipimo cha uchachu na ualikali, ipande zaidi ya 9 ndo inaweza kushuka kwenye miezi sita na kitu, kukiwa kikavu. Anayesumbua ni askaris, yale mayai ya minyoo yana ganda gumu, yanakaa kwenye udongo muda mrefu ajabu. @Bi_Mchicha unafunga kwa muda gani?

Bi_Mchicha
Mwaka na zaidi mwanangu, sisi tuko wachache chumba hakijai haraka. Na sitii kwenye mchicha, natia kwenye mashimo ya migomba na mipapai. Mchicha unapata mkojo tu.

dada_maabara
Safi sana. Wachache wanaofanya hivyo. Vietnam vyoo vya vyumba viwili walianza kuvisambaza miaka ya 1950, serikali kabisa, lakini wakulima wanafungua mapema kwasababu msimu wa mpunga hausubiri mwongozo. Mbolea inatakiwa shambani sasa hivi, chumba kina miezi mitatu minne, wanafungua. Minyoo inarudi mezani.

Mjukuu_wa_Mwinyi
@Mpemba_wa_Bara hoja yako ya kuchamba naipinga kwa heshima yote. Sanaa kule Yemen, mji wa Waislamu toka enzi, majumba yale marefu ya ghorofa, vyoo vyao vilikuwa vikavu karne na karne. Kinyesi kilidondoka kwenye kishimo kirefu mpaka chini kabisa, mkojo ukapitia kijichirizi cha jiwe mpaka ukutani nje ukakaukia huko kwa jua. Kuchamba wakachamba, ila walijisogeza kwenye mawe mawili pembeni, maji hayakuingia shimoni. Kinyesi kilichokauka kilikusanywa kikawa kuni za hamamu, na majivu yake yakaenda bustanini. Hapana mzungu wala semina. Kilichokuja kuwaharibia ni maji ya bomba, maji yalipoingia majumbani miaka ya 70 na 80 watu wakaanza kumwaga maji chooni na ule mfumo ukafa. Kwahiyo dini na kopo sio sababu, usitusingizie.

Mpemba_wa_Bara
Sanaa hewa kavu, uko juu mlimani. Pemba ukianika kanga asubuhi mwezi wa nne jioni bado ina maji. Utakausha nini?

Mjukuu_wa_Mwinyi
Hiyo ni hoja ya hali ya hewa sasa, sio ya kopo. Umehama kiwanja.

Ustadh_Mtulivu
Kwa wanaouliza suala la najisi maana nimeona pm zimeanza. Katika madhehebu ya Shafi ambayo ndo wengi wetu pwani, kutia samadi yenye najisi kwenye ardhi inajuzu, wapo waliosema ni karaha, na kinachoota hapo ni halali, osha ule. Kinachogomba ni kuiuza najisi yenyewe. Ikishageuka udongo kabisa hapo kuna tofauti, Hanafi wanaona kitu kikibadilika umbile na hukumu yake inabadilika, Shafi ni wagumu zaidi. Usichukue fatwa humu, kamuulize sheikh wako wa mtaa.

msee_wa_Mukuru
Niaje wasee wa bongo. Huku Nairobi hio story ya majivu na koleo tuliiacha kitambo. Mtaa ya Mukuru kuna vyoo vya Fresh Life, zilianzishwa na kampuni ya Sanergy 2011. Ni choo ndogo ya bluu, chini kuna pipa mbili, moja ya mkojo moja ya ile ingine, wanakuja na mkokoteni wanabeba wanaweka ingine safi. Wewe mwenye choo hushiki kitu. Wanapeleka kiwandani wanatengeneza mbolea na chakula ya mifugo. Kabla ya hapo ilikuwa flying toilet, unajua, karatasi ya plastiki usiku, unazungusha unarusha, asubuhi uko juu ya mabati ya jirani. Kwahivyo @Mwana_Kigamboni shida sio choo, shida ni nani anabeba.

Ngosha_wa_Mjini
Unazungusha unarusha 😂😂 mkuu wewe ulikuwa golikipa au mshambuliaji?

msee_wa_Mukuru
Mi nilikuwa mwenye mabati.

Mchumi_Kijiweni
Sawa kabisa @msee_wa_Mukuru lakini uliza nani analipa mkokoteni. Kwa ninavyojua mimi ada ya mwenye choo haitoshi kulipia kubeba, kusindika na mishahara, lazima jiji au mfadhili aweke mkono. Halafu sijui kwanini watu wanashangaa, hata bomba la majitaka la matajiri linalipiwa na hela ya umma, hakuna anayemwambia mtu wa Oysterbay auze kinyesi chake ili bomba lijiendeshe. Masikini tu ndo tunamwambia choo chako kikulipe.

Sababu yangu mimi kwanini hivi vyoo vinakufa ni ndogo tu. Bei. Piga hesabu, mtu mzima anatoa karibu lita 500 za mkojo kwa mwaka, familia ya watu 5 ni lita 2,500, hayo ni madumu 125 ya lita 20. Ndani yake kuna naitrojeni kama kilo 20, karibu mfuko mzima wa yurea wa kilo 50. Sasa wewe utabeba madumu 125 kuokoa mfuko mmoja ambao siku hizi kuna ruzuku? Mkulima sio mjinga, amepiga hesabu kabla yako.

dada_maabara
@Mchumi_Kijiweni hesabu yako ya naitrojeni ni ya Sweden, kilo 4 kwa mtu. Kinachotoka kinategemea protini unayokula. Makadirio ya Uganda ni kama kilo 2.2 kwa mtu kwa mwaka kwenye mkojo. Watu 5 ni kilo 11, yaani nusu mfuko.

Mchumi_Kijiweni
Asante, umeniongezea nguvu. Madumu 125 kwa nusu mfuko.

Bi_Mchicha
Nusu mfuko kwako wewe mwenye mshahara. Na hayo madumu hubebi yote kwa siku moja jamani, ni dumu moja kwa siku tatu, hatua ishirini kutoka chooni mpaka bustanini, mbona maji ya kunywa tunabeba zaidi ya hapo na hakuna mchumi anatupigia hesabu.

Ngosha_wa_Mjini
Kumbe ukila nyama choma choo kinapanda thamani. Leo naenda kuwekeza.

mpangaji_sugu
Wote mnaongea kama kila mtu ana nyumba. Mimi napanga Manzese, nyumba ina vyumba nane, kila chumba familia, choo kimoja. Majivu nani anamwaga? Tunapikia gesi na mkaa kidogo, majivu yenyewe ya kugombania. Mama mwenye nyumba hakai hapo, anakuja kuchukua kodi tu. Choo kikijaa anasubiri mvua. Mvua kubwa ikianza usiku unasikia koleo kwa nje, wanatoboa, wanatapisha, maji ya mtaro yanabeba kila kitu yanapitia mlangoni kwa watu wa bondeni. Asubuhi kila mtu anajifanya hajui. Gari la kunyonya haliingii, vichochoro vya kupita pikipiki kwa shida, na likiingia mpira haufiki na bei yake mwenye nyumba anaona bora anunue tairi. Vyura ndo wanaokoa jahazi, vijana wanaingia shimoni na ndoo, wanamwaga mafuta ya taa kwanza kuua harufu, wanachimba shimo jingine pembeni wanahamishia humo. Humo kuna pampasi, chupa, viwembe, kila kitu. Hivyo vyoo vyenu vya kutenganisha vinashindana na kutapisha, na kutapisha ni bure. Hiyo ndo sababu, mengine yote porojo.

Mwana_Kigamboni
Hii ya kutapisha mkuu imenigusa maana mimi ndo niko bondeni.

bwanaafya_mstaafu
Nimesoma yote. Mimi nilikuwa bwana afya wilayani tangu enzi hizo. @mpangaji_sugu kutapisha ni kosa kisheria na faini ipo, tatizo ni kumkamata mtu saa nane za usiku mvua inanyesha. Kipindupindu cha 2015 watu wanadhani kilianzia visiwani, hapana, kilianzia Kinondoni mwezi wa nane kikasambaa mikoani na Zanzibar. Tulivyokuwa tunazunguka mitaani tuliona visima vimebanana na vyoo vilivyojaa, hata mtoto angeelewa.

Lakini mnaosema Watanzania hawabadiliki mnanichekesha. 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, redio moja kijiji kizima kimekaa chini ya mwembe, wanasikiliza, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba. Walishiriki karibu watu milioni mbili. Vyoo vilichimbwa vingi mno na hakuna aliyelipwa. Juzi juzi tena 2017 wakaja na kampeni ya Nyumba ni Choo, ilikuwa nzuri kwa matangazo na hamasa. Tofauti ninayoiona ni kwamba zamani kiongozi wa kijiji alikuja kuangalia choo chako mwenyewe, tena akaingia. Huu mradi wa siku hizi unahesabu vyoo vilivyojengwa, hauhesabu vinavyoingiwa.

Mchumi_Kijiweni
Mzee shikamoo. Ila 1973 ilikuwa ni choo cha shimo, kazi ya siku chache na jembe. Hiki kinataka saruji, bakuli maalum, bomba la hewa na nidhamu kila siku. Huwezi kufananisha.

bwanaafya_mstaafu
Marahaba. Nidhamu ndiyo ninayoizungumzia.

mwana_goma
Bandugu jambo. Huku kwetu Goma kuchimba ni ngumu kuliko kwenu, kwetu si maji, ni jiwe. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto 2002 ikafunika sehemu ya mji, sasa ukitaka shimo la choo unapiga nyundo siku mingi na bado unapata kidogo tu. Watu banajenga juu ya jiwe, wanainua. Choo ya kutenganisha ilikuja na mashirika. Wenye walikubali ni wenye hawakuwa na njia ingine. Mimi nafikiri hiyo ndio siri, mtu anakubali hii choo kama ardhi imemkatalia.

Mjukuu_wa_Mwinyi
@mwana_goma umesema kitu. Hata Unguja upande wa mawe, kule uwandani Makunduchi na Paje, kuchimba ni kuvunja matumbawe. Ila wao wakishatoboa kidogo tu wanapata nyufa, uchafu unapenya kwenye jiwe unaondoka, wanafurahi choo hakijai. Hakijai kwasababu kinakwenda kisimani.

msee_wa_Mukuru
Nakuru nayo usisahau, ile kampuni ya maji ya kaunti ina kitengo inaitwa NAWASSCOAL, wanakausha uchafu wa vyoo, wanachoma, wanachanganya na vumbi ya mbao iliyochomwa pia, wanashika na molasi, inakuwa makaa ya kupika. Haitoi harufu, haina moshi mingi. Nyanyangu alikuwa amekataa mpaka akaona maharagwe imeiva.

Ngosha_wa_Mjini
Alikataa kula au kupikia?

msee_wa_Mukuru
Zote mbili. Sasa ni mteja.

Mpemba_wa_Bara
Ustadh @Ustadh_Mtulivu na makaa hayo je?

Ustadh_Mtulivu
Mtanipeleka kubaya nyie.

KK_Durban
Niliwahi kusoma Durban miaka kadhaa, niongeze hapa. Wale baada ya kipindupindu cha mwaka 2000 kule KwaZulu-Natal, jiji lao la eThekwini liliamua vijijini pembezoni wajenge vyoo vya kutenganisha, zaidi ya 80,000, bure, vimejengwa kwa tofali vizuri kuliko nyumba za watu wengine. Pesa ipo, serikali ipo, elimu nyumba kwa nyumba ipo. Na bado watu wengi hawakuvipenda. Unajua kwanini? Kwasababu ng'ambo ya barabara kuna watu wana choo cha kuvuta maji. Waliona wamepewa choo cha daraja la pili. Na jukumu la kufukua waliachiwa wenyewe, wakagoma, baadae jiji likaanza kulipa watu wa kufukua na kulisha funza. Kwahiyo @mpangaji_sugu kutapisha bure sio sababu yote, Durban hakuna wa kutapisha. Ni heshima. Choo ni heshima ya nyumba, mgeni akija unamwonyesha nini, tundu mbili na ndoo ya majivu?

Bi_Mchicha
Wageni wangu namwonyesha na wanajifunza. Mmoja alikataa akaenda kwa jirani, jirani choo kimejaa, karudi mwenyewe.

mkulima_wa_simu
Wakuu hapo kwenye kulisha funza nifafanulieni. Hao funza wanauzwa wapi? Nina kuku 300 chakula kinanimaliza.

dada_maabara
Ni viluwiluwi vya inzi mweusi, yule mwembamba anafanana na nyigu, haingii ndani kama inzi wa kawaida. Wanakula uchafu kama wiki mbili wanakuwa wanene, wanakaushwa wanasagwa, protini nyingi, wanachukua nafasi ya dagaa na soya. Ila wengi huku kwetu wanawalisha mabaki ya sokoni sio kinyesi. Ukiwalisha kinyesi lazima wapitishwe kwenye joto kali kwanza.

mkulima_wa_simu
Sawa, kuku wangu wa kienyeji nikiwaachia wanakula nini kwani.

Ngosha_wa_Mjini
Uzi umefika kwenye kuku, mwenye kiwanja bado anajibanza porini.

rafiki_wa_Kigali
Ngoja niwatoe kwenye kuku. Rwanda magereza wanapikia gesi ya vyoo, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na KIST, ile taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, mpaka wakapata tuzo ya Ashden ya nishati safi 2005. Kuni zilipungua sana. Mtambo uko chini ya ardhi, uchafu unaingia, gesi inatoka, kinachobaki kinaenda shambani. Watu wengi mahali pamoja, msimamizi yupo, jiko liko karibu. Nyumba ya watu watano gesi yake haitoshi mapishi ya siku, labda uwe na ng'ombe.

mpangaji_sugu
Magereza mfungwa hana hiari. Msitufananishe, sisi kodi tunalipa.

fundi_Mapipa
Turudi kwa mteja. @Mwana_Kigamboni uko watu wangapi, kuna shamba, mnachamba kwa maji, na bajeti ikoje?

Mwana_Kigamboni
Tuko 6 na dada wa kazi. Nyuma kuna nafasi ya migomba kama kumi. Tunachamba kwa maji, mimi Mzaramo mkuu usiniulize hilo. Bajeti ya kawaida, sio ya kumwaga zege kama daraja la Kigamboni.

fundi_Mapipa
Basi nachorea hivi. Vyumba viwili juu ya ardhi, sakafu ya zege imeinuka kuliko maji yanapofika masika, usiweke chini ya hapo hata kidogo maana maji yakiingia chumbani umepoteza yote. Milango ya kutolea upande wa jua, ya bati jeusi ili ipate joto. Bomba la hewa la inchi nne lipite juu ya paa na wavu wa nzi juu. Tundu la kuchambia pembeni mbali na ya kinyesi, maji yake yaende kwenye migomba sio kisimani. Bomba la mkojo liwe na mteremko wa kutosha na lisiwe jembamba, linaziba chumvi. Wengi waliojenga kwa mradi walibana hapo kwenye bomba, ikawa harufu, ikawa stoo. Mimi naamini vingi vimekufa kwa ufundi mbovu tu, sio mila wala heshima wala nini.

Mchumi_Kijiweni
Fundi ulianza kwa kusema asijitese. Imekuwaje?

fundi_Mapipa
Nilikuwa sijajua ana migomba.

bwanaafya_mstaafu
Kwa maji yaliyo juu hivyo na kisima cha jirani, mimi namwunga mkono fundi. Ila aweke na watu wawili wanaojua kukisimamia, siyo dada wa kazi peke yake. Akiondoka yeye choo kimeondoka naye.

KK_Durban
Au ajenge tangi la septiki lisilovuja, lililoinuliwa, awe anaita gari. Yuko Kigamboni kuna barabara, sio Manzese.

mpangaji_sugu
Na gari likishanyonya linamwaga wapi? Ulizeni wanaoishi karibu na mabwawa ya majitaka Vingunguti. Na sio magari yote yanafika huko kwenye mabwawa.

KK_Durban
Linamwaga anakopaswa kumwaga, ndo maana kuna vibali.

mpangaji_sugu
Haya.

Mpemba_wa_Bara
Mie nasubiri mtu anijibu la mtoto usiku.

dada_maabara
Mtoto mdogo atumie poti, kinyesi chake kimwagwe upande wa kinyesi na majivu juu, maji ya kumsafishia yamwagwe tundu la kuchambia. Hata kwenye choo cha shimo watoto wengi hawaingii, wanaogopa kutumbukia.

Mpemba_wa_Bara
Hapo sawa kidogo. Na mgeni mwanamme anayekojoa kasimama?

Bi_Mchicha
Huyo nimemwekea bomba la pembeni kwa nje, limeunganishwa na dumu. Na nimeandika kwa rangi nyekundu KAA. Hawasomi.

Mwana_Kigamboni
Nashukuru wote. Jumamosi fundi anakuja kupima, nimemwambia mama watoto amesema kwanza anataka kuja Moro kuona cha @Bi_Mchicha kabla hata tofali moja halijanunuliwa. Na yale mabakuli ya matundu mawili yanapatikana wapi kwa hapa Dar, au lazima kumwaga kwa zege?

fundi_Mapipa
Yapo ya plastiki ila yana msimu, na tundu la mbele wengi wameliweka dogo. Mimi namwaga zege kwa fomu. Njoo pm.

Bi_Mchicha
Aje tu, aje na madumu matupu, yangu yamejaa.